Msimu wa mpunga na wadudu wanaouma: chandarua kiende shambani, mafuta ya taa yabaki kwenye koroboi

Kuanzia Desemba, joto likipanda na mvua zikianza kushika, meseji zinazoingia studio hubadilika. Zile za bei ya mbegu na foleni ya trekta hupungua, zinakuja za vipele. Mtoto amevimba jicho. Mama kaumwa na nyuki akiwa kwenye palizi. Mzee kaamka na mstari mwekundu shingoni, anauliza kama karogwa. Huwa tunajibu hewani, lakini dakika tatu za redio ni chache, na wengi mnatusikiliza mkiwa jarubani, upepo unachukua nusu ya maneno. Ndiyo maana tumeandika. Soma taratibu, na jirani ambaye simu yake haina intaneti msomee.

Tunazungumzia huku kwetu, Bonde la Kilombero na milima ya Mahenge, kwenye mpunga, mito na misitu. Wadudu wanaouma ni wengi, hatutawamaliza wote. Tutakaa na wale wanaowasumbua wasikilizaji wetu kipindi hiki, hasa ninyi mnaohama kijijini na kwenda kuishi kwenye vibanda vya shambani mpaka mavuno.

Tuseme mapema: kuumwa na mdudu, kwa watu wengi, ni muwasho wa siku mbili tatu kisha unaisha wenyewe. Tunapojiumiza zaidi ni pawili. Kwanza, kile tunachopaka baada ya kuumwa. Pili, zile wiki tunazolala shambani wakati chandarua kimebaki kijijini kikilinda kitanda kitupu.

Kwa nini panawasha

Mbu anayeuma ni jike tu. Anahitaji damu ili mayai yake yakomae. Dume hula maji matamu ya maua. Jike akichoma ngozi huingiza mate yake ili damu isigande, na mwili wako ukiyaona yale mate ni kitu kigeni, unaita askari wake. Miongoni mwa vitu ambavyo mwili humwaga pale ni kemikali iitwayo histamini. Hiyo ndiyo inayovimbisha na kuwasha. Kwa hiyo kipele unachokiona ni kazi ya mwili wako mwenyewe, na ndiyo sababu watu wawili wakilala kibanda kimoja mmoja anaamka na manundu na mwenzake haonyeshi kitu. Wote wameumwa. Ngozi ndizo zinazojibu tofauti.

Watoto wadogo huvimba zaidi kwa sababu miili yao bado haijazoea mate hayo. Mtoto kuamka na kope limevimba baada ya kuumwa karibu na jicho linatisha kulitazama, lakini kama hana homa, jicho lenyewe halimuumi, anaona na anacheza, mara nyingi uvimbe unashuka ndani ya siku moja au mbili.

Ukijikuna unaongeza ule muwasho. Ngozi ikikunwa humwaga kemikali zaidi, unawashwa zaidi, unakuna tena, mpaka inachubuka na uchafu wa kucha unaingia. Vidonda vingi vya miguuni tunavyoviona kwa watoto msimu huu vilianza hivyo: kipele cha mbu, halafu kucha.

Ameshakuuma, sasa ufanye nini

Osha kwa maji safi na sabuni ya kawaida. Kisha chukua kitambaa safi, kiloweke kwenye maji ya baridi, bandika pale kwa dakika kumi. Maji ya mtungi yanatosha kabisa, hatuhitaji friji. Ubaridi unapunguza uvimbe na unaituliza mishipa ya fahamu inayopeleka habari ya muwasho. Rudia kila unapowashwa. Mtoto mkate kucha siku hiyohiyo, na usiku mvalishe nguo ya mikono mirefu ili akijikuna usingizini akune nguo.

Kama muwasho ni mkali, kwenye duka la dawa muhimu kuna vidonge vya mzio, kama setrizini au vile vya zamani ambavyo wengi wetu tunaviita piritoni. Piritoni huleta usingizi mzito. Ukimeza usiendeshe pikipiki, usipande juu ya dungu, na usichanganye na pombe. Setrizini usingizi wake ni mdogo, ila wapo wanaosinzia nayo pia. Kwa mtoto, mwambie muuza dawa umri wake na uzito wake akupe dawa inayomfaa. Kukata kidonge cha mtu mzima vipande kwa kukadiria kwa macho ni hatari, na kuna umri ambao dawa hizi haziruhusiwi kabisa bila mhudumu wa afya. Ipo pia krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1, hupakwa kidogo kwa siku chache pale palipovimba, ngozi ikiwa haijachanika.

Utomvu wa mshubiri, ambao wengine huita alovera, unatuliza kwa ubaridi wake na hauna shida kama ngozi ni nzima. Hapo mila na duka la dawa havigombani.

Lakini kuna orodha nyingine ya dawa za nyumbani tunayoisikia kwenye simu za wasikilizaji, na hii hatuiungi mkono. Mafuta ya taa. Maji ya betri. Dawa ya kupaushia nguo. Dawa ya meno. Kinyesi cha ng'ombe au udongo. Mafuta ya taa yanaunguza ngozi, na kwa mtoto hatari inaongezeka: akiyavuta puani au yakiingia mdomoni yanaweza kwenda kwenye mapafu. Maji ya betri ni asidi, yanachoma nyama. Watu husema yanaponya kwa sababu maumivu ya kuungua yanafunika muwasho. Ni sawa na kukanyagwa mguu ili usahau jino. Kinyesi na udongo kwenye ngozi iliyochubuka ni njia ya kuingiza vijidudu, wakiwemo wa pepopunda. Dawa ya meno haiui mtu, ila inakausha ngozi na wengine inawaongezea muwasho.

Kipele kilichoingia uchafu kinajitambulisha. Badala ya kupungua siku ya pili au ya tatu, kinakua. Kina joto ukikigusa kwa mgongo wa mkono, kinauma kuliko kuwasha, kinatoa usaha. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo usisubiri wekundu. Tazama kama ngozi imevutika na kung'aa, kama joto linasambaa, kama mitoki imevimba kwenye kinena au kwapa. Hapo nenda zahanati, na usianze vidonge vya antibiotiki vilivyobaki kwa jirani.

Nyuki, nyigu na dakika za kwanza

Nyuki akiuma huacha mwiba wake kwenye ngozi pamoja na kifuko cha sumu, na kile kifuko huendelea kusukuma sumu hata nyuki mwenyewe akiwa ameshaondoka. Kwa hiyo toa mwiba haraka, kwa kucha, kwa ncha ya kisu, kwa kadi, kwa chochote kilicho karibu. Tumesikia mabishano marefu kuhusu kukwangua au kubana. Kinachoamua ni muda. Anayetafuta wembe kwa dakika tano ameshaimaliza sumu yote mwilini mwake.

Kama umeumwa mkononi, vua pete na bangili mara moja, kabla vidole havijavimba. Kisha maji na sabuni, na kile kitambaa cha baridi. Paracetamol inasaidia maumivu. Nyigu haachi mwiba, na anaweza kukuchoma tena na tena, ila matibabu yake ni yaleyale. Siafu wang'oe mmoja mmoja, maana wakishabana hawaachii kwa kukung'utwa.

Mzinga ukichokozwa, kimbia. Nyuki akiuma hutoa harufu inayowaita wenzake waje palepale, ndiyo maana anayesimama kuwapunga kwa kanga huishia na mingi. Funika uso kwa nguo, uache upenyo wa kuona njia, kimbia moja kwa moja mpaka ndani ya nyumba au gari na ufunge mlango. Usijitose mtoni ukidhani watakata tamaa. Wanaweza kuzunguka juu ya maji wakikungoja utoe kichwa.

Sasa hapa tunaomba usome mara mbili. Kuna watu wachache ambao sumu ya nyuki au nyigu, hata mwiba mmoja, huwasha mwili mzima. Dalili huja ndani ya dakika chache, mara chache hufika saa moja au zaidi: vipele vikubwa vya kuwasha mwili mzima, midomo au ulimi kuvimba, sauti kubadilika, kifua kubana na kupiga filimbi, kutapika, kizunguzungu, kuzimia. Huyo hahitaji kitambaa cha maji wala maziwa. Anahitaji sindano ya adrenalini kwenye kituo cha afya, na anaihitaji sasa. Mlaze chali, miguu ipandishwe juu. Kama anapata shida kupumua mwache akae. Asisimame wala kutembezwa. Akitapika au akipoteza fahamu, mgeuze kwa ubavu. Tafuteni usafiri wakati mnaendelea kumwangalia, na mtu mmoja apige simu kituoni waandae. Kidonge cha mzio hakitoshi hapo, kinachelewa kufanya kazi.

Aliyeumwa na nyuki wengi, makumi kwa makumi, apelekwe hospitali hata kama anaongea vizuri. Sumu nyingi inaweza kudhuru figo baadaye, na mtoto hudhurika kwa miiba michache kuliko mtu mzima.

Yule mwenye mstari shingoni

Mzee wetu aliyeuliza kuhusu uchawi, na wengine mnaoamka na mstari wa malengelenge kana kwamba mmechapwa fimbo ya moto: kuna mdudu mdogo, mwembamba kama sisimizi mrefu, mwenye rangi ya chungwa na nyeusi. Wengi wanamjua kwa jina alilolipata Kenya, Nairobi fly. Haumi wala hachomi. Sumu imo ndani ya mwili wake, na inatoka pale unapompiga au kumponda juu ya ngozi. Siku ileile huoni kitu. Kesho yake, au siku ya pili, ndipo panawaka, panakuwa pekundu na kutoa malengelenge. Ukimponda kwenye kiwiko au goti, unapata mapacha: alama mbili zinazotazamana pale ngozi inapokunjana.

Huzaliana penye unyevu, na baada ya mvua nyingi huja kwa makundi kufuata taa. Kenya walipigwa sana na mdudu huyu mwaka 1998, baada ya mvua kubwa za El Niño. Akikutua, mpulize au mpe karatasi apande, umtupe. Ukishamponda, osha pale kwa sabuni na maji mengi na usiguse macho, maana sumu ile machoni ni mateso. Osha pia nguo au shuka aliyopondewa. Usiku zima taa isiyo na kazi karibu na kitanda, na kabla ya kulala kung'uta shuka.

Dungu, jioni na mbu

Tumefika kwenye jambo lililotufanya tuandike ukurasa huu.

Mpunga unapopandwa, familia nyingi za bondeni huhamia mashambani. Wengine kilomita nyingi kutoka nyumbani, kwa miezi. Kibanda ni miti na nyasi, kuta zina mianya au hakuna kabisa, na dungu la kuwingia ndege liko wazi pande zote. Maji yametuama majarubani, yanapigwa jua, na mbu wa malaria aina ya arabiensis hupenda hasa maji ya namna hiyo. Ndugu yake, funestus, ambaye katika bonde letu ndiye anayehusika na sehemu kubwa ya maambukizi, hupenda maji ya kudumu yenye majani, kama mabwawa na kingo za mito. Kwa maneno mengine, tunahama kutoka kijijini kwenda kuishi katikati ya mazalia yao.

Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wamechunguza mbu wa bonde hili kwa miaka mingi, na wakulima hawa wanaohamahama ni miongoni mwa watu waliowafuatilia. Mwaka 2016 walichapisha kazi iliyoeleza hatari ya kuumwa na mbu kwenye vibanda vya shambani, na wakatengeneza kibanda cha kuhamishika kisichopitisha mbu. Wazo ni zuri. Ila wakati kibanda cha namna hiyo hakijafika shambani kwako, kuna chandarua.

Hoja tunayoisikia ni kwamba chandarua ni cha kitandani, na shambani hakuna kitanda. Kinafungika. Simamisha miti minne kwenye pembe za unapolala, funga kamba za chandarua juu, kisha ingiza pindo lake chini ya mkeka pande zote. Kwenye dungu la fito hii ni muhimu zaidi, kwa sababu mbu hupanda kupitia mianya ya sakafu. Tandika mkeka au turubai zito kwanza, pindo liingie chini yake. Hakikisha mwili haugusi chandarua, maana mbu anaweza kukuchomea kwa nje. Na koroboi au mshumaa viwe mbali kabisa, maana chandarua kikishika moto hakikupi nafasi.

Kama familia inagawanyika, wengine kijijini wengine shambani, hesabuni vyandarua kabla ya safari jinsi mnavyohesabu majembe. Mtoto mdogo na mama mjamzito wawe wa kwanza kupata, maana malaria ikiwapata hao huwa kali zaidi. Mjamzito hupewa chandarua anapoanza kliniki, na mtoto hupewa anapofikishwa kwenye chanjo ya surua ya miezi tisa. Kama hukupewa, uliza.

Chandarua kipya kitundike kivulini kwa siku moja kabla ya kukilalia, ili kisikuwashe ngozi siku za mwanzo. Kufua ni kwa sabuni ya kipande na maji ya kawaida, bila dawa ya kupaushia, na kuanika ni kivulini, kwa sababu jua kali huharibu dawa iliyomo. Usikifue kila wiki. Mara moja kwa miezi mitatu inatosha. Tundu lishonwe. Wapo wanaosema mbu siku hizi wamezoea dawa. Ni kweli usugu upo, na baadhi ya vyandarua vipya vimeongezewa kemikali ya kuupunguza. Lakini hata dawa ikiisha nguvu, kitambaa kizima kisicho na matundu bado ni ukuta. Kikiwa uzio wa vifaranga hakimlindi mtu, na hilo tunalisema kwa sababu tumeyaona mabanda hayo.

Chandarua kinakulinda ukiwa ndani yake. Je, saa moja jioni unapopika, au alfajiri unapoamka kuwahi ndege? Saa hizo mbu wapo. Vaa mikono mirefu, suruali au kitenge kizito kinachofika kwenye vifundo, na soksi kama unazo, kwa sababu mbu hawa hupenda miguu ya mtu aliyekaa. Nguo nyembamba iliyobana mwili wanaipenya, kwa hiyo ilegee.

Mafuta ya kupaka ya kufukuza mbu yanafanya kazi. Angalia kwenye chupa kama kumeandikwa DEET na asilimia yake; ya asilimia 20 hadi 30 hukupa saa kadhaa, ila ukitoka jasho sana muda hupungua, unapaka tena. Paka sehemu zilizo wazi tu. Kwa mtoto, weka kwanza kwenye viganja vyako kisha mpake, usimpake mikononi kwake atakapolamba, wala karibu na macho na mdomo. Chini ya miezi miwili asipakwe kabisa, mwekee chandarua.

Na kivumbasi? Wazee wetu walikuwa na sababu. Majani yake yakiwekwa kwenye moto wa jioni, moshi wake hupunguza mbu karibu na jiko. Tumia hapo nje. Ila moshi ukiisha mbu wanarudi, na kukaa na mtoto ndani ya moshi usiku kucha ni kubadilisha malaria kwa kifua. Koili vilevile, iwe nje au penye hewa, kamwe isiwe ndani ya kibanda kilichofungwa.

Wanaouma mchana

Msitu ukiwa karibu, mbung'o, au ndorobo kama wengine tunavyomwita, anauma mchana, anauma kwa maumivu, na anapenya nguo nyembamba. Huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi na vitu vinavyotembea, kwa hiyo nguo ya kazi iwe ya kaki au rangi ya udongo, na nzito. Mafuta ya kupaka hayamzuii vizuri. Anaweza kuleta malale.

Kwa ninyi wa milima ya Mahenge, karibu na mito iendayo kasi, kuna usubi, inzi mdogo mweusi mwenye mgongo wa kibyongo. Huzaliana kwenye maji yanayokimbia, siyo yaliyotuama, na huuma mchana. Akiuma mara nyingi kwa miaka huweza kuingiza minyoo inayowasha ngozi na kuharibu macho, na eneo la Mahenge linajulikana kwa ugonjwa huo tangu zamani, pamoja na kifafa ambacho watafiti wanakihusisha nao. Wagawa dawa za usubi wanapopita kijijini, meza. Wengi huzikwepa kwa sababu hawajioni wagonjwa. Kama wakati wa ugawaji uko shambani, mwachie mtu wa nyumbani ujumbe akupigie.

Homa baada ya vipele

Kipele chenyewe hakikuambii kama mbu alikuwa na malaria. Vimelea hukaa mwilini kimya, mara nyingi siku 10 hadi 15, ndipo homa inaanza. Wakati huo kipele kimeshapona na umeshakisahau. Kwa hiyo ukiwa shambani, homa yoyote, kichwa kuuma, kutetemeka, mtoto kukataa kunyonya au kulegea, ichukulie ni malaria mpaka kipimo kikatae. Nenda ukapime ndani ya saa 24. Kipimo cha haraka kinahitaji tone la damu ya kidole, na majibu hutoka palepale. Ukikutwa nayo utapewa dawa mseto. Meza pamoja na chakula, maliza dozi yote ya siku tatu hata kama siku ya pili umeshashika jembe.

Mtoto mwenye degedege, anayetapika kila anachopewa, asiyeamka vizuri, au anayepumua kwa shida, asingoje asubuhi.

Homa inayokuja na maumivu makali ya viungo na nyuma ya macho, na kipimo cha malaria kimekataa, inaweza kuwa dengue. Dar es Salaam ilipata milipuko yake mwaka 2014 na 2019, na msimu huu watu husafiri. Mbu wake ana madoa meupe, huuma mchana, huzaliana kwenye ndoo, matairi na vifuu vyenye maji nyumbani, kwa hiyo vimwage kila wiki. Kwa homa hiyo tumia paracetamol tu. Diklofenaki, aspirini na ibuprofeni ziache, zinaweza kuongeza kutoka damu.

Kabla hamjahama, ulizeni zahanati iliyo karibu zaidi na shamba ni ipi, njia yake ikoje mto ukijaa, na nani ana pikipiki. Andika namba ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii kwenye simu na pia kwenye karatasi, maana chaji shambani huisha. Ukifika kituoni, mweleze mhudumu ulilala wapi wiki mbili tatu zilizopita, shambani au msituni, na kama kuna dawa yoyote umeshameza, beba pakiti yake hata kama imebaki tupu.